Tembre ya Mguu wa Nne

"Shusha!" Siméon alimpigia kelele shemeji yake aliyekuwa juu kwenye kibanda cha winchi. "Shusha polepole, haiko magunia ya mihogo hiyo!"

Mzigo wa reli uliofungwa kwa minyororo ukashuka na kutua juu ya saruji ya bandari, na kamba ya chuma ikalegea. Winchi ikabaki bila mzigo. Siméon akainamia sanduku lake la kupima, akangoja. Sanduku likalia kidogo, likatema ukanda mwembamba wa karatasi wenye namba. Mguu wa kwanza wa winchi, sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu, karibu na sifuri, kidogo cha kusamehewa. Mguu wa nne, ule wa upande wa ziwa, arobaini.

"Ngapi?" Bonaventure aliuliza kutoka juu.

"Arobaini."

"Tena?"

"Tena."

"Basi hiyo namba njo mama wa Lejio ya Maria!" Bonaventure akacheka mpaka wabebaji waliokaa kivulini wakageuka. "Akisha kukaa ku benchi yake, hata padri hamuondoshi!"

Wabebaji wakacheka naye. Siméon hakucheka. Tangu jana, Alhamisi, alikuwa anatundika mzigo uleule na kuushusha, na tangu Alhamisi mguu wa nne ulikuwa unamjibu neno lilelile.

Winchi ile ilikuwa mzee, ya wakati wa Wabelgiji, na wakubwa wa kampuni walitaka kujua kama bado inaweza kubeba. Basi wakamtuma injinia kutoka Lubumbashi, akaja na sanduku ndani ya treni, amelikumbatia safari nzima asije akaibiwa. Kwenye kila mguu wa winchi alibandika kipimo kidogo, chembamba kama tembre, ile stempu ya barua, akakifunika kwa nta ili maji yasiingie, akavuta nyaya mpaka kwenye sanduku. Wabebaji wakaviita vipimo vile tembre, na jina likashika, hata injinia mwenyewe akaondoka analisema. Aliondoka mapema, malaria imemshika, akamwachia kazi Siméon, fundi wa ateliye, karakana ya bandari, aliyekuwa amepelekwa Lubumbashi kujifunza mambo hayo.

Na Siméon aliyajua. Tena aliyaeleza kwa kila mtu, hata kwa wasiouliza. Ukitundika mzigo, alisema, chuma kinajikunja kidogo sana, jicho haliwezi kuona, lakini tembre inajikunja pamoja nacho na sanduku linaandika. Ukishusha mzigo, chuma chenye afya kinarudi pahali pake na namba inarudi sifuri. Chuma kilichochoka hakirudi.

Lakini kabla ya kulaumu chuma, fundi mwenye akili hulaumu kwanza vitu vyake mwenyewe, na Siméon alivilaumu vyote. Alisema labda ni jua, akafunika mguu wa nne kwa mkeka, akapima asubuhi kungali na baridi. Arobaini. Akasema labda ni waya, akaazima waya wa mguu wa kwanza. Arobaini. Akasema labda ni tundu la sanduku, akachomeka kwenye tundu lingine. Arobaini. Mwisho akachukua kipimo kingine, cha kutafuta unyevu, akajaribu kama maji yamepita chini ya nta. Kavu. Kavu kabisa, kama mfupa wa juani.

Ilibaki kubandika tembre mpya, ili ya pili iseme kama ya kwanza ilisema ukweli. Tembre zilikuwepo. Gundi ndiyo iliyokuwa imegeuka jiwe ndani ya chupa. Nyingine ingetoka Lubumbashi kwa treni, na treni ya siku zile, ndugu zangu, ilikuwa kama mvua ya mwezi wa nane.

Papa Édouard, mkubwa wa ateliye, alikuja akitembea taratibu, abakosti yake, lile koti la kiserikali lisilo na tai, imefungwa vifungo mpaka shingoni. Ilikuwa miaka ya Zaire, majina ya ubatizo yalikatazwa ofisini, watu wakaitana Citoyen, yaani raia, na yeye aliliheshimu katazo hilo mbele za watu tu.

"Citoyen," akamwambia Siméon, "Jumatatu ninaongea na Lubumbashi ku foni. Miye sitaki arobaini. Ninataka neno moja. Winchi ni nzima, ao ni ya kufa?"

"Papa Édouard, kama gundi ingefika..."

"Gundi haitafika. Boti ya Kigoma njo itafika." Akainua kichwa kumtazama Bonaventure. "Na weye huko juu, usicheke sana. Ukishuka hapo, magunia yako ingali inakungoja."

Wabebaji wakacheka tena, na safari hii Bonaventure ndiye hakucheka.

*

Nyumba ya Siméon ilikuwa kwenye kambi ya kampuni, vyumba viwili na baraza. Jioni ile Léontine, mke wake, alipika bukari, ugali wa kwao, na ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwani, akaweka na sombe kidogo ya majani ya mihogo. Bonaventure alikuwa mdogo wake Léontine, tumbo moja. Mama yao alikufa Bonaventure akiwa hajaota meno, na Léontine alimbeba mgongoni mpaka watu wa Moba wakadhani ni mtoto wake. Tangu afike Kalemie, kijana huyo alikuwa anakula kwenye meza hii.

Miaka mingi alibeba magunia ya saruji ya Kabimba, akirudi nyumbani kope zimeshikana kwa vumbi. Ni Pasaka tu iliyopita ndipo walipomweka kwenye kibanda cha winchi. Na ni baada ya hiyo Pasaka ndipo wajomba wa Julienne, msichana aliyemtaka, walipokubali kupokea posa. Kabla ya hapo mmoja wao alisema mbele ya watu, "Sisi hatuozeshe mutoto kwa mugongo wa magunia." Maneno hayo Bonaventure aliyameza. Lakini alipopata kibanda, alipita mbele ya nyumba ya mjomba huyo kila siku, hata pale ambapo njia haikupita huko.

"Jumatatu nitasema ni chuma," Siméon alisema, akivunja tonge.

Binti yao Angélique peke yake aliendelea kula.

"Ukisema ni chuma," Bonaventure akauliza, "watafunga winchi?"

"Watafunga."

"Na miye?"

"Utarudia kazi ya zamani kwanza. Mpaka watengeneze, ao walete ingine."

"Walete ingine!" Bonaventure akacheka kicheko kisicho na furaha. "Shemeji, hapa hata gari ya wagonjwa tunaingoja tangu niko mutoto. Watatoa wapi winchi ingine? Sema tu ninarudia magunia. Na Julienne anarudia kwa wajomba yake."

"Unataka niseme bongo, nidanganye?"

"Sikusema vile."

"Kile chuma kinaweza kuanguka, Bona. Na weye uko juu yake."

"Kimesimama tangu babu yetu alikuwa anavaa kipande ya gunia. Kianguke mwaka huu, juu ya miye?"

Akanawa mikono. Ndagala zake zilibaki kwenye sahani, na Léontine akazitazama muda mrefu. Mdogo wake hajawahi kuacha ndagala.

Alipotoka, Léontine akasogeza kiti karibu na mume wake. Na hapa inafaa tuseme ukweli wa nyumba ile. Siméon alipenda kufundisha, na kwa miaka yote ya ndoa mke wake alimsikiliza kwa sikio moja, lingine likiwa kwenye sufuria. Jioni ile alimsikiliza kwa masikio mawili.

"Papa Angélique," akasema, "hizi tembre zenu haziwezi kudanganya?"

"Zinaweza. Kila kitu kinaweza kudanganya."

"Kinazidanganya nini?"

Siméon akaweka tonge chini. Uso ukamng'aa, maskini. "Maji. Njo adui yake ya kwanza. Maji kidogo tu, na zaidi ikiwa ya sabuni ao ya chumvi. Ikipita chini ya nta, imekwisha, tembre inakuwa mwongo. Hakuna muntu ataiamini tena."

"Na mukiikuta na maji, munafanya nini?"

"Tunaitoa ku hesabu. Tunashika zile zingine tatu."

"Na zile zingine tatu ni nzuri?"

"Nzuri sana."

Léontine akasimama, akakusanya sahani. Siméon alibaki amekaa pale, na alikuwa na furaha ndogo moyoni katikati ya taabu zake, kwamba baada ya miaka mingi mke wake ameanza kupenda kazi yake.

*

Jumamosi ilikuwa Salongo. Nani asiyekumbuka Salongo? Asubuhi watu wote wanatoka na majembe, fagio na ndoo, wanafanya kazi ya taifa bila kulipwa, na asiyetoka anaandikwa. Ilisemwa kwamba mkubwa mmoja wa mkoa atapita bandarini, basi wanawake wa kambi walipelekwa huko kusugua. Kusugua nini? Kila kitu. Walisugua saruji, walisugua milango ya bohari, walisugua hata mawe ambayo ziwa lenyewe liliyaosha kila siku. Mama Pétronille, jirani wa Léontine, aliuliza kwa sauti kama na samaki nao wasuguliwe, na mwenye kuandika majina akajifanya hakusikia.

"Miguu ya winchi nani ataosha?" mwenye kuandika aliuliza.

"Miye," akasema Léontine.

"Vizuri, mama. Ila musiguse zile vitu vya nta."

"Siko mutoto."

Alianza na mguu wa kwanza ili aonekane. Akaosha wa pili, akaosha wa tatu, akizunguka zile nta kwa adabu. Alipofika ule wa ziwani, wenzake walikuwa mbali wanaimba na mwenye kuandika alikuwa kivulini. Akainama. Ndani ya kitenge alikuwa na kisu chake cha kumenyea mihogo. Akakata pembe moja ya nta, akaiinua kama mtu anayefunua jicho la mgonjwa, akamimina maji ya sabuni kutoka kwenye kiganja. Akamimina tena. Halafu akaibonyeza nta kwa kidole gumba irudi pahali pake.

Winchi hakuiogopa. Aliogopa kuonekana tu. Yeye hakusoma mambo ya vyuma. Kwake yeye kulikuwa na namba moja mbaya iliyotaka kumrudisha mdogo wake kwenye vumbi la saruji, na kulikuwa na maji ya kuizima, kama unavyozima kaa la moto lililoruka kwenye mkeka. Alisali Salamu Maria moja pale pale, ameshika brosi ya kusugulia. Alimshukuru Bikira kwa kumpa mume anayeeleza mambo vizuri.

*

Jumapili, baada ya misa, wakitembea kurudi nyumbani, alisema, "Papa Angélique, kuna kitu ninataka kukuambia na ninaogopa utakasirika."

"Sema."

"Ile Salongo ya kwanza, injinia alipokwisha kwenda. Tuliosha miguu ya winchi. Hatukujua bado ni vitu gani. Ninafikiri miye mwenyewe nilisugua sana ule wa ku ziwa."

Siméon akasimama katikati ya njia. "Ulisugua juu ya nta?"

"Na brosi. Na sabuni. Unisamehe."

"Nikusamehe!" Siméon nusura amkumbatie mbele ya waumini. "Mama Angélique, umeniokoa! Juu ya nini hukusema tangu zamani?"

Usiku huo alilala usingizi mzuri. Jumatatu alfajiri alikuwa bandarini, akapiga magoti mbele ya mguu wa nne, akabonyeza nta. Ikacheza. Akaifungua, na tone la maji likamshukia kidoleni. Akawasha sanduku. Namba ya mguu wa nne ikatoka kumi na mbili. Akangoja. Tisini. Akangoja. Thelathini na kitu, halafu sitini, halafu tano. Ilikuwa inatembea kama mlevi wa lutuku anayetafuta nyumba yake.

Siméon akafurahi. Furaha ikadumu muda wa mtu kujikuna sikio.

Kwa maana Ijumaa alikuwa amepima unyevu mwenyewe, kwa mkono wake, na palikuwa pakavu. Maji ya Salongo ya kwanza yangekuwa pale Ijumaa. Na ile namba ya Ijumaa haikutembea. Ilisimama. Namba ya maji haijui kusimama, hilo yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine. Akatazama tena ukingo wa nta. Brosi inakwaruza. Huo haukuwa mkwaruzo, ulikuwa mkato, umenyooka, mweupe, mpya. Kisu kilichoufanya alikijua. Yeye ndiye anayekinoa kila mwisho wa mwezi.

Alikaa pale akiwa amechuchumaa. Watu wanadhani uamuzi mbaya unakuja na ngoma na kelele. Huu ulikuja na viatu vya Papa Édouard vikikanyaga saruji iliyosuguliwa.

"Haya? Neno moja, Citoyen."

Siméon akainua macho. Bonaventure alikuwa ameshapanda kibandani, amevaa shati lililopigwa pasi. Alimpungia mkono.

"Njo tembre," Siméon akasema. "Maji iliingia. Zile tatu ni nzuri. Chuma ni kizima."

"Aa! Nilijua!" Papa Édouard akapiga makofi. "Chuma cha Wabelgiji! Sasa ulikuwa unatuogopesha bule juu ya nini?"

"Ninaomba tu, gundi ikifika, nibandike ingine."

"Ikifika, utabandika hata ku paji la uso wangu."

Jioni Bonaventure alileta nyumbani sangala mzima, mkubwa, mkia ukiburura. Alikula mpaka akafungua mkanda. Léontine alimtazama akila, halafu akamtazama mume wake, na mume wake akatazama sahani. Hakumuuliza kitu. Alijiambia kwamba winchi imesimama miaka mingi, kwamba arobaini si mia, kwamba yeye si Mungu. Mtu akitaka kulala hupata mto wa kulalia.

Na gundi ilifika. Lazima tuseme hivyo pia, maana baadaye watu walilaumu treni. Ilifika kwenye kikopo kipya, imefungwa vizuri. Papa Édouard alikuwa amekwisha kuisahau na hakuna aliyemkumbusha. Siméon akakiweka kikopo kabatini, nyuma ya makopo ya grisi. Kubandika tembre mpya kulikuwa kuuliza tena swali ambalo jibu lake alikuwa nalo.

*

Winchi ilianguka mvua zilipoanza, mchana, watu wote wakiona. Ilikuwa inatoa mitambo kwenye boti. Mguu wa ziwani ulipinda kwenye goti, taratibu kwanza, halafu kwa mlio uliosikika mpaka stesheni, na kibanda kikapiga ukingo wa gati kabla ya kulala nusu ndani ya maji. Walimtoa Bonaventure akiwa hai. Watu walisema ni muujiza. Lakini mguu wake wa kuume ulikuwa umebanwa chini ya chuma saa nyingi, na hospitali wakaukata juu ya goti.

Wajomba wa Julienne walikuja kumtazama mgonjwa. Walikuja na ndizi, wakakaa kwa heshima, wakasema pole. Kesho yake wakarudisha vitu vya posa. Walivileta nyumbani kwa Léontine, vitenge vikiwa bado vimekunjwa vilevile. Julienne alisimama nyuma yao analia, lakini alisimama nyuma yao.

Léontine alitoka hospitali siku hiyo akamkuta mume wake amekaa kwenye ukuta wa nje, chini ya mwarobaini, kofia magotini. Akakaa. Machozi yalikuwa yamekwisha.

"Miye," akasema. "Njo miye nilitia maji. Si Salongo ya kwanza. Ni ile ya pili, nilipokwisha kukusikia ku meza. Nilidanganya."

"Ninajua."

Akageuka. "Tangu wakati gani?"

"Tangu ile Jumatatu."

Léontine alimtazama kana kwamba ndio kwanza anamwona. "Ulijua? Ile Jumatatu? Na ukasema chuma ni kizima?"

"Ulitaka nifanye nini? Uliniomba na ile maji yako..."

"Miye niliomba! Miye ni mwanamuke wa jiko, sijue kile kitu ni nini! Nilifikiri ninapigana na namba!" Sauti ikapanda, wagonjwa barazani wakanyamaza. Akaishusha. "Lakini weye ulisoma. Weye ulijua chuma kimekufa. Miye nilimwaga maji, Siméon. Weye ulimupandisha juu."

Miaka yote hakuwahi kumwita kwa jina lake peke yake. Siméon alitaka kusema kitu kuhusu kisu, kuhusu ndugu, kuhusu meza iliyokuwa haina amani. Vyote vilikuwa kweli na hakuna hata kimoja kilichofaa kusemwa.

"Tumwambie?" akauliza mwishowe.

"Akipona kwanza," Léontine akasema.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema wazee, na hao wawili waliyaacha yakauke.

*

Bonaventure akapona. Akahamia barazani kwao na magongo yake mawili, akawa anapepeta mchele, anamsaidia Angélique masomo, anawatania wapita njia. Kampuni ilimpa barua ya pole. Na kila walipokula, ilifika saa alipoweka mkono begani kwa Siméon na kusema, "Shemeji, weye ulinipigania. Hata kama iliisha vibaya, sitasahau. Ile tembre yenye kuingia maji njo ilitudanganya, na tembre haina roho, nitaikasirikia nini?"

Siméon alikuwa anasema, "Kula, Bona." Kila siku, "Kula, Bona."

Halafu sanduku likarudi kazini. Kulikuwa na winchi nyingine, ndogo, na sasa wakubwa waliogopa. Papa Édouard alimruhusu Siméon kutafuta msaidizi wa kusoma namba, mtu wa kukaa tu. Nani asingemfikiria Bonaventure? Bonaventure mwenyewe ndiye aliyejitaja, macho yanang'aa kama siku ile ya Pasaka.

Basi Jumapili moja walikaa mezani baada ya kula, sanduku katikati, na Siméon akaanza kumfundisha. Alifundisha vibaya, kwa haraka, yeye ambaye zamani ulikuwa humnyamazishi. Bonaventure alishika mambo upesi. Alijua mizigo, alijua jinsi chuma kinavyolia. Akauliza kuhusu jua, akauliza kuhusu waya. Léontine alikuwa mlangoni, anapangusa sahani ambayo ilikuwa imekwisha kukauka.

"Na sasa, shemeji," Bonaventure akasema, "namba ikikataa kurudi ku sifuri. Nitajuaje kama ni maji ao ni chuma?"

Siméon akafuta jasho. Angeweza kusema lolote. Lakini kijana huyu kesho atakaa mbele ya winchi nyingine, na mtu mwingine atakuwa juu kibandani, ana mama, ana dada. Safari hii hakutazama sahani.

"Namba ya maji inatembea," akasema. "Kila ukipima inakuja ingine. Namba ya chuma inasimama."

"Inatembea. Inasimama," Bonaventure akarudia, kama mtoto wa katekisimu. Akatabasamu. "Rahisi."

Akarudia tena, polepole. Tabasamu likabaki usoni peke yake kwa muda, lisijue pa kwenda. Sahani mlangoni iliacha kupanguswa.

"Shemeji," akasema, "ile Ijumaa nilikuwa juu. Weye ulikuwa unaniitia namba."

"Ndiyo."

"Nilicheka. Nilisema ni mama wa Lejio."

"Ndiyo, Bona."

"Arobaini. Kila mara ilikuwa arobaini."

Bonaventure alimtazama Siméon, halafu akamgeukia dada yake mlangoni, yule aliyembeba mgongoni. Alingoja aseme kitu, na Léontine akafunika uso kwa kile kitambaa cha sahani.

Basi akanyoosha mkono kuchukua magongo. Moja lilikuwa limeteleza chini ya meza. Siméon akainama upesi kumwokotea.

"Acha," Bonaventure akasema. "Usiguse."

Akaliinamia mwenyewe, na ilimchukua muda mrefu.